Ukinunua Nyumba, Usinunue na Deni Lake

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ya wahenga yamfaa sana mtu anayetafuta nyumba ya kununua. Huona bati linalong'aa, kuta zilizopakwa rangi na mgomba uliostawi uani. Moyo wake ukaridhika, akatoa akiba ya miaka kumi na kupeana mkono na muuzaji. Baada ya miezi michache hodi hupigwa mlangoni. Aliyekuja si mgeni wa kupongeza, bali ni mwenye ardhi anayedai kodi yake ya miaka mitatu, au karani wa baraza la mji mwenye bili ya kodi ya majengo. Muuzaji amekwisha kuhama na fedha zake. Deni limebaki na nyumba.

Nchini Uganda jambo hili huwahusu sana askari wa jeshi, polisi na magereza pamoja na jamaa zao. Askari huishi katika nyumba ya serikali muda wote wa kazi yake, lakini siku ya kustaafu ufunguo hurudishwa kwa mkuu wa kambi. Kwa hiyo wengi hujitahidi kupata nyumba yao wenyewe mapema. Wanajeshi huweka akiba katika chama chao cha Wazalendo, na polisi katika chama chao cha Exodus. Tangu mwaka 2007, wakati majeshi ya Uganda yalipokwenda kulinda amani Somalia, wako pia waliotuma nyumbani posho zao ili wanunuliwe kiwanja au nyumba. Mtu anayenunua akiwa mbali, kwa mkono wa ndugu au mke, ana haja kubwa zaidi ya kujua ni madeni gani yanayoweza kuifuata mali anayoinunua.

KWANZA IJULIKANE ARDHI NI YA NAMNA GANI

Katiba ya mwaka 1995 inatambua namna nne za kumiliki ardhi: ardhi ya mila, ardhi ya milki huru, ardhi ya mailo na ardhi ya kukodi kwa muda. Malipo yanayodaiwa juu ya nyumba hutegemea sana iko katika ardhi ya namna gani.

Ardhi ya mailo, ambayo iko hasa katika Buganda, ilianza na Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900, ambayo yaliwagawia Kabaka, machifu na watu wengine maeneo yaliyopimwa kwa maili za mraba. Wakulima waliokuwa wakiishi humo wakawa wapangaji juu ya ardhi ya watu wengine. Mwaka 1928 ilitungwa sheria ya kuweka mpaka wa kodi ambayo mwenye ardhi aliweza kuwatoza. Kodi hiyo ndiyo busuulu. Amri ya mwaka 1975 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya umma, lakini Katiba ya mwaka 1995 iliirudisha milki ya mailo, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 ikaeleza haki za mpangaji na za mwenye ardhi.

Kwa sababu ya historia hiyo, kipande kimoja cha ardhi huweza kuwa na watu wawili wenye haki juu yake: mmoja ana hati, na mwingine ana kibanja, yaani haki ya kukaa, kujenga na kulima. Nyumba nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu kandokando ya Kampala zimejengwa juu ya kibanja. Kununua kibanja si kosa, na haki yake inalindwa na sheria. Kosa ni kununua kibanja huku mtu akidhani amenunua ardhi yenyewe.

BUSUULU: FEDHA KIDOGO, HATARI KUBWA

Mwenye kibanja hulipa busuulu mara moja kwa mwaka. Viwango vilivyotangazwa mwaka 2011 vilikuwa shilingi 50,000 katika jiji na shilingi 5,000 katika vijiji, na miji midogo ikawekwa katikati ya viwango hivyo. Mnunuzi aulize bodi ya ardhi ya wilaya kiwango cha eneo lake.

Ukilinganisha na bei ya nyumba, fedha hizo ni kidogo sana. Hata hivyo, mabadiliko ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2010 yalisema kwamba mwenye kibanja halali hawezi kufukuzwa ila kwa amri ya mahakama, na kwa sababu moja tu: kutolipa busuulu. Deni likipita miaka miwili, mwenye ardhi anaweza kumpa mpangaji ilani ya kumtaka aeleze kwa nini haki yake isikomeshwe, kisha akaenda mahakamani. Hivyo nyumba ya mamilioni ya shilingi huweza kuingia hatarini kwa deni la shilingi 150,000, au hata pungufu ya hapo.

Kwa hiyo anayenunua kibanja adai stakabadhi za busuulu za miaka iliyopita, na asikubali kuambiwa tu kwamba zimepotea. Wako pia wenye ardhi wanaokataa kupokea busuulu ili deni likue. Anayekutana na jambo hilo asinyamaze: aandike barua ya kuonyesha kwamba alitaka kulipa, mwenyekiti wa baraza la kijiji ashuhudie, na nakala ihifadhiwe vizuri.

Liko jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Mwenye kibanja anayetaka kuuza lazima kwanza ampe mwenye ardhi nafasi ya kununua. Akiuza kwa siri, sheria ya mwaka 2010 inahesabu kuwa ni kosa la kupelekwa mahakamani, uuzaji ni batili, na haki ya kibanja hupotea. Mwenye ardhi naye ana wajibu huo huo kwa mpangaji wake. Ikiwa ardhi yauzwa kwa mtu mwingine, haki ya mwenye kibanja haifi. Hubaki kama ilivyokuwa chini ya mwenye ardhi mpya.

ARDHI YA KUKODI

Katika miji, nyumba nyingi ziko juu ya ardhi iliyokodishwa na bodi ya ardhi ya wilaya au na mwenye ardhi mwingine kwa miaka maalumu, kama 49 au 99. Mwenye kukodi hulipa fedha za mwanzo anapopewa ardhi, kisha kodi ya ardhi kila mwaka. Mara nyingi hupewa kwanza muda mfupi wa kujenga, na akitimiza masharti huongezewa muda kamili.

Mnunuzi wa nyumba ya namna hiyo ana maswali matatu: imebaki miaka mingapi, kodi ya ardhi imelipwa hadi mwaka gani, na je, mkodishaji ametoa idhini ya nyumba kuuzwa? Nyumba iliyobakiza miaka minne haiwezi kuwa na bei sawa na ile iliyobakiza miaka arobaini, hata zikifanana kama pacha.

KODI YA MAJENGO

Mabaraza ya miji na wilaya hutoza kodi ya majengo kwa Sheria ya mwaka 2005. Nyumba ambayo mwenyewe anaishi ndani yake imesamehewa. Inayotozwa ni nyumba ya kupangisha, duka, ghala na majengo mengine ya biashara.

Hesabu yake si ngumu. Mthamini hukadiria kodi ya pango ambayo jengo laweza kuleta kwa mwaka, akaondoa sehemu kwa ajili ya matengenezo na gharama nyingine. Kinachobaki ndicho thamani ya kutozwa kodi. Baraza hutoza asilimia fulani ya thamani hiyo, nayo sheria imekataza isizidi 12. Mamlaka ya Jiji la Kampala hutoza asilimia 6. Mfano: nyumba ya vyumba vya kupangisha huleta shilingi 500,000 kwa mwezi, yaani 6,000,000 kwa mwaka. Ikiwa baada ya makato thamani ni 4,500,000, kodi ya majengo Kampala itakuwa shilingi 270,000 kwa mwaka. Muuzaji asipolipa kwa miaka mitatu, deni ni 810,000.

Kabla ya kununua, mtu aende katika ofisi ya baraza na namba ya jengo, aulize deni lake. Kama jengo lilikuwa la kupangisha na yeye anataka kuhamia na jamaa yake, aliarifu baraza kwa barua ili libadilishe daftari zake. Asipofanya hivyo bili itaendelea kuja.

Kodi ya majengo isichanganywe na kodi ya mapato ya pango, inayolipwa kwa Mamlaka ya Mapato. Hiyo ni ya mtu anayepokea pango, na deni la muuzaji hubaki lake mwenyewe. Tangu Julai 2023, mtu binafsi hulipa asilimia 12 ya pango la mwaka lililozidi shilingi 2,820,000. Katika mfano uliotajwa, ziada ni 3,180,000, na kodi ni shilingi 381,600. Anayenunua vyumba vya kupangisha ili vimlee uzeeni azitie fedha hizo katika hesabu kabla hajasema bei ni nafuu.

USHURU WA STEMPU

Ili hati iandikwe jina jipya, mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani ya mali. Thamani hiyo huamuliwa na Mthamini Mkuu wa Serikali wala si na wanaouziana. Nyumba iliyonunuliwa kwa shilingi 80,000,000 huweza kukadiriwa kuwa ya 100,000,000. Hapo ushuru si 1,200,000 bali ni 1,500,000.

Wengine hupatana kuandika bei ya uongo katika mkataba ili ushuru upungue. Huu ni ujanja unaomrudia mwenyewe. Mthamini hatazami mkataba peke yake, na ikiwa siku moja uuzaji utavunjika, mnunuzi atadaije 80,000,000 mahakamani huku karatasi aliyoitia sahihi inasema 50,000,000?

Wako pia wanaolipia nyumba wakaiweka hati sandukuni bila kuandikisha, kwa kuogopa ushuru. Hati hiyo bado ina jina la muuzaji. Muuzaji akifa, warithi wake wataliona jina la baba yao.

KABLA FEDHA HAZIJATOKA MKONONI

Mnunuzi mwenye busara hufuata utaratibu. Kwanza, huomba uchunguzi rasmi wa hati katika ofisi ya ardhi ya eneo, ili ajue jina la mwenye hati, na kama iko rehani ya benki au zuio. Pili, huzungumza na mwenyekiti wa kijiji na majirani, akauliza ni nani anayekaa juu ya ardhi ile na tangu lini. Tatu, hupokea stakabadhi za busuulu au za kodi ya ardhi, na barua ya baraza kuhusu kodi ya majengo. Nne, huhakikisha kwamba mume au mke wa muuzaji amekubali, kwa kuwa sheria inakataza ardhi ya jamaa kuuzwa bila idhini ya mwenzi. Tano, huandika mkataba mbele ya wakili, ukataja siku ambayo madeni yote ya nyuma ni ya muuzaji na ya mbele ni ya mnunuzi. Na kama liko deni ambalo halijalipwa, hubakiza sehemu ya bei mpaka stakabadhi iletwe.

Muuzaji naye ana faida katika jambo hili. Anayelipa madeni yake mapema na kupanga karatasi zake katika jalada moja huuza upesi, wala hana haja ya kupunguza bei kwa sababu ya mashaka ya mnunuzi.

Katika nyumba za askari, mara nyingi mke ndiye anayebaki na funguo wakati mume yuko kazini mbali. Basi yeye ndiye anayefaa kuwa mtunza stakabadhi. Bahasha moja kwa kila mwaka, ndani yake karatasi ya busuulu, ya baraza na ya ushuru, yatosha. Dawa ya deni ni kulipa, nayo stakabadhi ndiyo ushahidi kwamba dawa imekwisha kunywewa. Siku ya kurudisha ufunguo wa kambi, askari mwenye bahasha hizo atakwenda nyumbani kwake bila hofu ya hodi yoyote mlangoni.