'Toki' ya Kijapani haiishii kwenye 'wakati'

Anayejifunza Kijapani akikutana na neno 'toki' huambiwa upesi kwamba maana yake ni 'wakati'. Si uongo, ila tafsiri hiyo haimfikishi mbali.

Hebu tutazame sentensi mbili: 'Kyoto e iku toki, kasa o katta' na 'Kyoto e itta toki, kasa o katta.' Kwa Kiswahili wengi wetu tungezitafsiri kwa namna moja tu: 'Nilipoenda Kyoto, nilinunua mwavuli.' Mjapani hakubali. Kitenzi 'iku' katika sentensi ya kwanza kinaonyesha kuwa safari ilikuwa haijatimia, kwa hivyo mwavuli ulinunuliwa kabla ya kufika Kyoto, labda njiani. 'Itta' ni tendo lililokwisha timia: mwavuli ulinunuliwa huko huko Kyoto. Yaani, kitenzi kinachotangulia 'toki' hutuambia ni lipi lililotangulia lingine. Kiambishi chetu '-po-' peke yake hakiubebi mzigo huo. Yatubidi kusema 'nilipokuwa nikienda' au 'nilipofika'. Mkalimani wa mahakama asiyelijua hili anaweza kumhamisha shahidi mji mzima!

Halafu kuna 'jikan', ambalo nalo hutafsiriwa 'wakati' au 'saa'. Hili ni la muda unaopimika. 'Jikan ga nai' ni 'sina muda'. 'Niji' ni saa nane, kwa kuwa Wajapani husoma saa kama Waingereza, lakini 'nijikan' ni muda wa saa mbili. Sisi tukitangaza 'mkutano wa saa mbili', je, unaanza saa mbili au unachukua saa mbili? Kijapani hakina utata huo.

Zamani 'toki' ilikuwa pia kipimo. Kabla ya Japani kuanza kufuata kalenda ya kimagharibi na saa 24 zinazolingana mwaka 1873, mchana uligawanywa toki sita na usiku sita, hivi kwamba toki ya mchana wa kiangazi ilikuwa ndefu kuliko ya majira ya baridi. Ajabu ni kuwa hesabu ilirudi nyuma, kutoka tisa hadi nne. Adhuhuri na usiku wa manane zote ziliitwa tisa. Alfajiri na magharibi zote ziliitwa sita, jinsi sisi tunavyoziita zote mbili saa kumi na mbili. Toki ya nane, 'yatsu', iliangukia alasiri, na hadi leo mtoto wa Kijapani akitaka vitafunio vya alasiri huomba 'oyatsu'.