Kipaji cha soka pekee hakimfikishi chipukizi chuo kikuu Marekani

MZAZI mwenye mtoto stadi wa kandanda husikia mara kwa mara kwamba Marekani kuna vyuo vikuu vinavyosomesha wanasoka bila malipo. Habari hizo zina ukweli, lakini hazielezi mchezaji huteuliwa vipi, wala ni sehemu gani ya karo hulipwa na chuo. Ni katika mambo hayo mawili ambapo familia nyingi hupotezea pesa na muda.

Vyuo vingi vinavyotambulika katika michezo nchini humo viko chini ya chama cha NCAA, ambacho kimegawanywa katika madaraja matatu. Vyuo vya daraja la kwanza na la pili vinaruhusiwa kutoa ufadhili wa masomo kwa misingi ya michezo, lakini vya daraja la tatu haviruhusiwi. Vyuo vya Ivy League, vikiwemo Harvard na Yale, navyo havitoi ufadhili wa aina hiyo ingawa hushiriki daraja la kwanza. Kando na NCAA kuna chama cha NAIA, chenye vyuo vidogo vidogo, na NJCAA kinachosimamia vyuo vya miaka miwili.

Humu nchini, mashindano ya shule za upili ndiyo yamewatambulisha wachezaji wengi. Marekani mambo ni tofauti. Katika majimbo mengi, msimu wa soka ya shule huangukia majira ya vuli, wakati ambapo vyuo vina mechi zao za kati ya Agosti na Desemba. Kocha wa chuo aliye na kikosi cha kuongoza hana nafasi ya kuzunguka shuleni kusaka chipukizi.

Kwa sababu hiyo, wakufunzi hutegemea klabu za vijana. Klabu hizo hucheza karibu mwaka mzima na hukutana katika mashindano makubwa ambapo kocha mmoja anaweza kutazama mamia ya wachezaji kwa siku mbili au tatu. Miongoni mwa ligi zenye hadhi ni ECNL, iliyoanza kwa wasichana mwaka wa 2009 na kufunguliwa kwa wavulana 2017. Nyingine ni MLS NEXT ya wavulana, iliyoundwa 2020 baada ya shirikisho la soka la Marekani kufunga mpango wake wa akademia uliokuwepo tangu 2007.

Njia hii ni ghali. Isipokuwa katika akademia za klabu za kulipwa, ambazo kwa kawaida hugharimia wachezaji wake, wazazi hulipa maelfu ya dola kwa mwaka kwa ada, sare, usafiri na malazi. Ndiyo maana wengi hulalamika kwamba mchezo huo, ambao kwingineko ni wa maskini, Marekani huwapendelea wenye pesa.

Kanuni nazo zimeweka mipaka. Kocha wa soka wa daraja la kwanza haruhusiwi kuwasiliana na mchezaji kuhusu usajili kabla ya Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili wa shule ya upili. Hata hivyo, mchezaji mwenyewe hazuiwi kumwandikia kocha mapema. Barua pepe fupi yenye kanda ya video, ratiba ya mechi na alama za masomo ndiyo hatua ya kwanza ya wengi wanaofaulu.

Alama hizo si jambo la kupuuzwa. Ili kushiriki daraja la kwanza, mwanafunzi anatakiwa awe amefanya masomo 16 ya msingi na kupata wastani usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4.0, daraja la pili huhitaji 2.2. NCAA iliondoa sharti la mtihani wa SAT au ACT mwaka wa 2023, lakini chuo chenyewe kinaweza kuuitisha. Wanaotoka nje hutakiwa kuwasilisha rekodi za masomo tangu mwaka wa tisa, yaani Kidato cha Kwanza katika mfumo wa 8-4-4, au Gredi ya 9 katika mtaala mpya. Anayeanza kujitahidi darasani akiwa Kidato cha Nne huwa amechelewa.

Kuhusu pesa, kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza haikuruhusiwa kutoa zaidi ya nafasi 9.9 za ufadhili kamili, na ya wanawake 14. Kocha aligawa nafasi hizo kwa kikosi cha wachezaji zaidi ya 20, hivyo wengi walipata robo au nusu. Tangu msimu wa 2025, kufuatia maafikiano yaliyoidhinishwa mahakamani, vyuo vilivyoyakubali vinaweza kufadhili kikosi chote cha wachezaji wasiozidi 28. Lakini kuruhusiwa si kulazimishwa, na bajeti za vyuo vingi hazitoshi.

Tuseme gharama ya mwaka ni Dola 40,000 na kocha ametoa nusu. Familia bado inadaiwa Dola 20,000, na mwanafunzi wa kigeni hawezi kupata stakabadhi za kuombea visa kabla ya kuonyesha pesa hizo zitatoka wapi. Hapa ndipo alama nzuri humfaa mara ya pili, kwa kuwa chuo kinaweza kumwongezea ufadhili wa masomo juu ya ule wa soka.

Wakenya wameipitia njia hii. Lawrence Olum alichezea chuo cha Missouri Baptist, kilicho chini ya NAIA, kisha akawa katika kikosi cha Sporting Kansas City kilichotwaa Kombe la MLS mwaka wa 2013. Philip Mayaka alisoma katika shule ya Montverde, Florida, akajiunga na chuo kikuu cha Clemson, na mwaka wa 2021 akachaguliwa wa tatu katika uteuzi wa wachezaji wa MLS na klabu ya Colorado Rapids.

Mzazi ajihadhari na mawakala. Kanuni za NCAA haziruhusu wakala kutoza ada inayotegemea mchezaji kupata ufadhili. Anayedai asilimia ya ufadhili huo anaweza kumharibia kijana nafasi ya kucheza. Ahadi yoyote ithibitishwe na kocha au afisi ya chuo chenyewe, kwa maandishi, ikionyesha kiasi kitakacholipwa na kwa muda gani, kabla ya familia kutoa hata shilingi moja.