Mmea wa shanga huuawa na maji

Je, umewahi kununua mmea mzuri wa kutundika dirishani, ukautunza kwa bidii, kisha baada ya wiki chache ukakufia mikononi? Usiwe mwepesi wa kumlaumu aliyekuuzia. Huenda uliupenda kupita kiasi, ukauzamisha kwa maji.

Mmea tunaouzungumzia leo una majani ya mviringo kama njegere, yaliyojipanga kwenye vitawi vyembamba vinavyoning'inia mfano wa mkufu. Wataalamu huuita Curio rowleyanus. Hapa tuuite mmea wa shanga.

Asili yake ni sehemu kavu za Afrika Kusini, ambako hutambaa chini katika kivuli cha vichaka na mawe. Kila jani ni mtungi mdogo wa kuwekea akiba ya maji. Ukiumwagia maji kila asubuhi kama sukuma wiki, mizizi yake itaoza.

Tumia chungu kifupi chenye matundu chini. Hata mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa kwa msumari wafaa. Changanya udongo na mchanga mkubwa wa mto, kiasi sawa. Weka chungu mahali penye mwanga mwingi na jua la asubuhi, kwani jua kali la mchana huunguza majani.

Kabla ya kutia maji, ingiza kidole udongoni. Ukihisi unyevu, ngoja. Udongo ukikauka na majani yaanze kunywea, tia maji mpaka yatoke chini. Wakati wa baridi, Juni hadi Agosti, punguza zaidi.

Lakini majani yakinywea ilhali udongo umelowa, jua kwamba mizizi inaoza. Hapo usikimbilie kuongeza maji, wala usiutupe mmea. Fanya hivi:

Kwanza, kata vitawi vilivyo vizima, urefu wa sentimita 10 hivi. Pili, viache kivulini siku moja au mbili ili mahali palipokatwa pakauke. Tatu, vizungushe juu ya udongo mpya kama kata ya kubebea mzigo kichwani, kisha uvibane kwa pini za nywele. Mizizi huota pale jani linaposhikana na kitawi, kwa hivyo ni lazima paguse udongo. Nyunyiza maji kidogo tu udongo unapokauka. Baada ya wiki 2 hadi 4, vuta kitawi taratibu. Kikikataa kutoka, kimeshika.

Tahadhari moja kwa wazazi: shanga hizi zikiliwa huweza kuleta kutapika na kuhara, na utomvu wake huwasha ngozi. Tundika chungu mbali na mikono ya watoto.

Ukibahatika, mmea utakupa vijiua vyeupe vinavyonukia kama mdalasini. Nawe ukipata vitawi vya ziada, mkatie jirani. Ila mwambie mapema kuhusu maji.