Waelekezi wa watalii hutoka wapi, na kwa nini Kakapel inawahitaji

Mgeni anayefika Kakapel, kwenye vilima vya Chelelemuk si mbali na Moding, huona mwamba mkubwa wenye michoro ya rangi nyekundu na nyeupe. Asipokuwa na mtu wa kumweleza, hupiga picha mbili tatu, huuliza choo kiko wapi, kisha hurudi Malaba. Akipata mwelekezi anayeijua kazi yake, mgeni huyo huyo hukaa nusu siku, hula chakula cha mchana mtaani na huenda akalala papa hapa. Mwamba ni ule ule. Kilichobadilika ni mtu aliyesimama kando yake.

Mwelekezi ataanza na michoro yenyewe. Yale maumbo ya duara na mistari hudhaniwa kuwa kazi ya wawindaji wa kale. Ng'ombe waliochorwa juu yake wanaonyesha kwamba wafugaji walikuja baadaye na kuutumia mwamba uo huo. Kisha ataonyesha ardhi iliyo chini ya mwamba, ambako wanaakiolojia wamechimba kwa miaka kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2024 yalieleza kwamba walipata mbegu ya kunde yenye umri wa takribani miaka 2,300, ambayo ni miongoni mwa mazao ya kale zaidi kupewa tarehe kamili katika Afrika Mashariki. Wimbi pia lilipatikana, la miaka isiyopungua 1,000. Mama wa Teso anayesaga wimbi la atapa, au mzee anayeketi na wenzake kuzunguka chungu cha ajon, anaendeleza jambo la zamani mno. Hapo ndipo kijana wa Moding anapomshinda mwelekezi anayetoka Nairobi: huyu amesoma habari za wimbi, yule amelipalilia.

Ukichunguza walikotoka waelekezi wengi wanaosifika Afrika Mashariki, utakuta jambo hilo likijirudia. Hawakuanza na darasa. Kule Maasai Mara, wengi walikuwa wachungaji tangu utotoni, wakijifunza kusoma nyayo za simba kwa sababu mbuzi wa baba walikuwa hatarini. Shule ya uelekezi ya Koiyaki, iliyoanzishwa Mara mwaka wa 2005, ilichukua vijana wa aina hiyo na kuwaongezea majina ya kisayansi, lugha na namna ya kumhudumia mgeni. Kwenye Mlima Kilimanjaro, mwelekezi kwa kawaida huanza akiwa mpagazi, au "mgumu" kama wanavyojiita wenyewe, akipanda na mizigo ya wageni kwa miaka kadhaa kabla ya kuwa msaidizi na hatimaye kiongozi wa msafara. Baridi, kizunguzungu cha mwinuko na dalili za mtu aliyezidiwa huvijua mwilini mwake kabla hajavisoma kitabuni.

Mfano ulio karibu zaidi na Busia ni Msitu wa Kakamega. Huko, katika miaka ya 1990, waelekezi wa msituni waliotoka vijiji vya jirani waliungana kuanzisha mpango wa elimu ya mazingira unaojulikana kama KEEP, ili watoto wa shule waujue msitu kabla haujaisha. Msitu huo una zaidi ya aina 300 za ndege, na wako waelekezi wanaomtambua ndege kwa sauti tu, akiwa bado amejificha kwenye majani. Hakuna aliyewalazimisha kujifunza hayo. Walipenda ndege kwanza, na malipo yakafuata, tena polepole. Afadhali mzazi aelewe hili mapema: kazi hii ina miezi mikavu isiyo na mgeni hata mmoja, na anayeiingilia kwa ajili ya bakshishi pekee huiacha upesi.

Hata hivyo, kuipenda kazi hakutoshi mbele ya sheria. Sheria ya Utalii ya mwaka wa 2011 inamtaka mwelekezi anayelipwa awe na leseni kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Mwombaji huonyesha cheti cha mafunzo pamoja na stakabadhi nyingine kama vile cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi na cha huduma ya kwanza, na ni vyema aiulize mamlaka yenyewe masharti na ada za sasa kabla ya kumlipa mtu yeyote anayejiita wakala. Chama cha waelekezi wa kitaalamu wa safari nchini, KPSGA, nacho hutoa mitihani ya ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Ngazi ya shaba iko wazi kwa anayeanza. Dhahabu imefikiwa na wachache sana nchini, kwa kuwa mtahiniwa hupimwa kwa ujuzi wa miaka mingi porini na hakuna njia ya kukariri.

Kaunti hii ina jambo jingine ambalo kaunti nyingi hazina, nalo ni mpaka. Upande wa Uganda, katika wilaya ya Kumi, kuna michoro ya mwambani ya Nyero, nayo iko katika nchi ya Iteso. Mwelekezi anayezungumza Kiteso, Kiswahili na Kiingereza anaweza kumpeleka mgeni Kakapel leo na Nyero kesho bila kutafuta mkalimani. Tangu 2014 kuna viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda, kwa hivyo mgeni aliye nayo havuki Malaba kwa kulipia viza nyingine. Kila siku magari ya wageni hupita hapo yakielekea Jinja na kwingineko, na waliomo hawaambiwi kwamba kilomita chache kando ya barabara kuna kitu cha kuona.

Bado lipo suala la ulinzi. Kakapel ni mnara wa kitaifa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inakataza kuharibu mahali kama hapo. Uharibifu mwingi wa michoro duniani haufanywi na maadui. Hufanywa na mtu anayemwagia ukuta maji ili rangi ing'ae kwenye picha, anayeupapasa kwa vidole vyenye jasho, au anayewasha moto wa kuchoma mahindi chini yake. Mwelekezi aliyeko pale humzuia kabla hajaanza.

Wazee wanaojua majina ya Kiteso ya vilima, miti ya dawa na mapango bado wapo Moding, Kolanya na Ang'urai, lakini wanapungua. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayewaza kazi hii hahitaji kusubiri ada ya chuo ili aanze: daftari moja na jioni kadhaa kwa babu na nyanya zitampa maarifa ambayo chuo hakiwezi kumpa. Mafunzo na leseni vinaweza kufuata mwaka ujao, ilhali mzee aliye na majina hayo huenda asiwepo.