Bei ya kifaru na gharama zake: Panther, T-34 na Sherman

Katika vitabu vya hesabu vya serikali ya Ujerumani, kifaru cha Panzer IV kiliandikwa Reichsmark 103,462. Panther, kilichoingia vitani mwaka 1943 kikiwa kipya kabisa, kiliandikwa 117,100. Tofauti ni kama asilimia 13. Kwa nyongeza hiyo mnunuzi alipata mzinga mrefu zaidi wa milimita 75 wenye nguvu kubwa ya kutoboa, deraya ya mbele ya milimita 80 iliyolazwa mshazari ili kombora liteleze, na injini ya Maybach ya nguvu za farasi 700. Ukisoma karatasi tu, huoni sababu ya mtu kununua tena Panzer IV.

Wanaobishana kuhusu vifaru vya Vita vya Pili vya Dunia wengi huishia hapohapo kwenye karatasi: unene wa chuma, urefu wa mzinga, basi. Hesabu ya mwenye mali ni ndefu kuliko hiyo. Kuna kukinunua, kukifikisha vitani, kukitengeneza kikiharibika, na kuna watu watakaokaa ndani yake. Nimevipima kwa hesabu hiyo vifaru vitatu ambavyo majeshi yake yaliviita vya kati: Panther cha Ujerumani, T-34 cha Umoja wa Kisovyeti na M4 Sherman cha Marekani.

Tuanze na bei, kwa tahadhari. T-34 kiligharimu rubo 269,500 mwaka 1941. Kufikia 1943 kilikuwa kimeshuka hadi 135,000, nusu ya bei ya awali. Na bei hiyo ilishuka wakati kiwanda cha Kharkiv kilikuwa kimeng'olewa na kuhamishiwa Nizhny Tagil, ng'ambo ya milima ya Ural, Wajerumani wakisonga mbele. Wahandisi walipunguza idadi ya vipuri, wakaacha kupiga msasa pasipo na faida, na mbinu ya mhandisi Evgeny Paton ya kuchomelea deraya kwa mashine ikaokoa saa nyingi za kazi. Sherman kiligharimu kati ya dola 45,000 na 64,000 hivi, kutegemea toleo. Usijaribu kubadili fedha hizi ili uzilinganishe. Bei ya rubo ilipangwa na serikali, na viwanda vya silaha vya Ujerumani vilitumia watu waliolazimishwa kufanya kazi, ambao jasho lao halikuandikwa popote kwenye ankara. Idadi inasema kweli zaidi: T-34 vilitengenezwa zaidi ya 50,000 wakati wa vita, Sherman karibu 49,000, Panther kama 6,000.

Sasa tuingie karakana, maana hapa ndipo nafuu ya kuongeza asilimia 13 tu inapoyeyuka. Panther kilisanifiwa kiwe chepesi kuliko kilivyotoka. Kilifika tani 45 hivi, na gia za mwisho zinazozungusha minyororo hazikuumbwa kubeba uzito huo. Wafaransa walivitumia vifaru hivi baada ya vita, na ripoti yao ya mwaka 1947 ilieleza kwamba gia hizo zilidumu kwa wastani wa kilomita 150. Ni pungufu ya mwendo wa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Ukitaka kutoa giaboksi, lazima uondoe bamba la juu mbele, ubomoe chumba cha dereva, kisha uinyanyue kwa kreni. Magurudumu nayo yalipangwa kwa kupishana, moja likifunika jingine: la ndani likipata hitilafu, unafungua ya nje kwanza, tena penye tope au theluji iliyoganda. Juu ya hayo, serikali ilipenda kuhesabu vifaru vizima vilivyotoka kiwandani, hivyo spea zilitengenezwa chache. Panther 200 vilipelekwa kwenye mapigano ya Kursk Julai 1943. Viwili viliungua injini kabla ya kufyatua kombora, na baada ya siku chache vilivyoweza kupigana havikufika robo.

Sherman ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Giaboksi ilikaa mbele nyuma ya kifuniko kilichofungwa kwa bolti. Mafundi wenye kreni ya kawaida waliifungua na kuitoa bila kubomoa kifaru. Magurudumu na springi zake vilifungwa kwa mafungu nje ya bodi: fungu likivunjika, unalifungua na kufunga jingine. Hayo hayavutii kwenye picha, lakini mimi ningeyalipia kabla sijalipia milimita moja zaidi ya deraya.

Anayechagua Sherman aangalie injini. Marekani haikuwa na injini moja ya kutosha, ikatumia zilizopo: ya ndege yenye silinda tisa, dizeli mbili za General Motors zilizounganishwa, V8 ya Ford, hata mtambo wa Chrysler wenye silinda 30 uliotokana na injini tano za magari. Jeshi la Marekani lilijichagulia Ford. Dizeli zikaenda kwa Wasovyeti, za Chrysler nyingi kwa Waingereza. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa sababu kikosi chenye injini za aina tatu kinahitaji stoo tatu.

T-34 kinasimama mahali pake peke yake. Kimoja kilipelekwa Aberdeen, Marekani, kujaribiwa mwaka 1942. Wamarekani walisifu umbo lake na dizeli yake, lakini chujio la hewa lilipitisha vumbi, silinda zikalika, na injini ikafa bila kumaliza kilomita 400. Kwa Wasovyeti hesabu ilikuwa tofauti: kifaru hakikutarajiwa kuishi muda mrefu mbele ya adui, basi kwa nini injini idumu?

Hesabu hiyo inaniuma, kwa sababu waliomo ndani ni watu. Katika T-34 cha mzinga wa milimita 76, kamanda alilenga shabaha mwenyewe huku akitakiwa kuongoza kifaru na kutazama uwanja, tena kwa muda mrefu vingi havikuwa na redio. Toleo la milimita 85, lililoanza mwaka 1944, lilimwongeza mtu wa tano na kurekebisha kosa hilo. Sherman kilikuwa na watu watano tangu mwanzo. Dosari yake ilikuwa moto: makombora yalihifadhiwa ubavuni, na utafiti wa jeshi la Marekani ulionyesha kwamba katika vilivyopigwa, asilimia 60 hadi 80 viliwaka. Yalipohamishiwa sakafuni katika masanduku yaliyozungukwa na maji, kiwango kikashuka hadi 10 au 15. Mzinga wake wa kwanza pia haukuweza kutoboa deraya ya mbele ya Panther. Waingereza walifunga mzinga wao wa ratili 17, Wamarekani wa milimita 76.

Kuna na safari. Sherman kilikuwa na tani 30 na ushei, ili kreni za meli ziweze kukiinua na madaraja ya muda yakihimili. Panther kingekwama bandarini.

Kwa hiyo anayepigana ng'ambo ya bahari achukue Sherman, na asikubali chochote kisicho na hifadhi ya maji kwa makombora. Anayepigana nyumbani, viwanda vyake vikiwa nyuma ya reli moja, achukue T-34, lakini chenye mzinga wa 85. Panther ningemshauri mtu mmoja tu: mwenye mahali pa kujificha, asiyehitaji kusafiri mbali, na mwenye stoo iliyojaa gia za mwisho. Ujerumani ya 1944 haikuwa na stoo hiyo.

Soko la mitumba lilitoa hukumu yake pia. Wafaransa waliviacha vifaru vya Panther baada ya miaka michache. T-34-85 vilionekana Ogaden na jeshi la Somalia mwaka 1977, na Uganda ilipata Sherman kutoka Israeli kabla Idi Amin hajavunja uhusiano nayo mwaka 1972, miaka karibu 30 baada ya vifaru hivyo kutoka kiwandani.