Kinyota Katika Anwani za Wavuti

Anwani sw.wikipedia.org hufasiriwa kutoka kulia: org, kisha wikipedia, hatimaye sw, yaani msimbo wa Kiswahili. Lugha huhesabika, watumiaji je? Tovuti inayompa kila mtumiaji kikoa chake kidogo haiwezi kuyaorodhesha majina yasiyozuka bado. Hivyo basi, msimamizi huandika kinyota mahali pa jina. (Kwa wanaisimu kinyota huashiria tungo isiyo sahihi, hapa chasimamia jina lolote.) Maombi yote huifikia seva ile ile, nayo programu husoma kijisehemu kiitwacho Host, kilicholazimishwa na HTTP 1.1 mwaka 1997, ikalisaka jina hilo katika hifadhidata. Lisipopatikana, ombi hukataliwa. Majina kama mail sharti yatengwe mapema, la sivyo tapeli aweza kuyasajili na kujifanya mwenye tovuti.