Ekzosi ya gari kuukuu: jinsi ya kuirudisha katika hali yake ya awali

Peugeot 504 ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na hadi leo baadhi ya magari hayo bado yanabeba watu na mazao. Injini hudumu kwa miongo mingi, lakini bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, huoza mapema.

Sababu ni maji. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji katika hali ya mvuke. Gari linaloenda safari fupi tu halipati joto la kutosha kuyakausha, hivyo kutu hula sailensa kutoka ndani.

Tundu kwenye ekzosi si suala la kelele pekee. Moshi una kaboni monoksaidi, gesi ya kuua isiyo na rangi wala harufu. Ikipenya sakafuni, abiria huumwa na kichwa, huhisi kizunguzungu na kusinzia. Dalili hizo zikitokea, gari lisimamishwe, wote watoke nje wapate hewa safi na watafute matibabu.

Mwenye gari na fundi wake wazingatie haya:

1. Piga picha na upime bomba kabla ya kulifungua. Vipimo hivyo ndivyo kielelezo iwapo vipuri havipatikani.

2. Nati zenye kutu zipakwe mafuta ya kupenya usiku kucha. Zikilazimishwa, huvunjika.

3. Gaskiti za zamani huenda zina asbesto. Zilowe maji kwanza. Zisikwanguliwe zikiwa kavu.

4. Bomba jipya liwe na upana uleule wa awali. Kulipanua huongeza kelele. Paipu za maji zilizopakwa zinki zisitumike, kwani zikichomelewa hutoa moshi wenye sumu.

5. Kabla ya kuchomelea, tenganisha betri na uhakikishe hakuna petroli inayovuja.

6. Badilisha raba zinazoshikilia bomba, la sivyo mtikisiko utalipasua tena.

Kazi ikiisha, washa injini mahali pa wazi na uzibe mdomo wa bomba kwa muda mfupi kwa kitambaa kinene. Sauti ya kufoka kwenye maungio ni ishara kuwa moshi bado unavuja.

Hata ekzosi nzima hutoa gesi hiyo. Injini isiachwe ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa.